Mapumziko ya Maji Mafu

Tafuta kalenda ya Kiislamu, ile ya kutundika ukutani, na kalamu ya wino mwekundu. Katika kila mwezi zungushia tarehe 8, 9 na 10, kisha 22, 23 na 24. Mtu wa Salale, Msala, Kiongoroni au Mbuchi hataniuliza kwa nini nimechagua hizo: ni siku za maji mafu. Anayetaka muda wake wa kupumzika katika Delta ya Rufiji, muda unaorudi kila mara bila kubembelezwa, aanzie hapo.

Kwa mwalimu au muuguzi aliyepangiwa kazi huku akitokea bara, nieleze kidogo. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, bahari hujaa na kupwa kwa nguvu; pwani hii tofauti ya maji makuu na maji madogo hupita mita 3. Hilo ndilo bamvua. Mikondo inavuta, kamba wanatembea, nyavu zina kazi, na hakuna anayezungumzia kulala. Mwezi ukifika nusu, maji hupoa. Hayapandi mpaka ndani ya vijito na hayashuki mpaka kuacha mafungu wazi. Mvuvi wa kamba huvuta mtumbwi wake pwani, kwa sababu kutoka ni kupoteza nguvu na mafuta. Hali hii hurudi kila baada ya wiki mbili hivi, mwaka mzima, kusi na kaskazi. Kama wewe ni mtu wa mshipi na unapenda maji yaliyotulia, geuza hesabu: kazi yako iko kwenye maji mafu, na siku zako za kupumzika uziweke bamvua linapokuwa kali. Cha kushika ni kwamba zipo siku ambazo maji yenyewe yamekwisha kukusimamisha. Hizo ndizo rahisi kuzitwaa.

Ushauri mwingi wa kupumzika umeandikwa kwa mtu mwenye Jumamosi. Anaambiwa azime simu mwisho wa wiki, anywe chai taratibu, atembee bustanini. Jumamosi haina maana yoyote kwa mtu wa Delta. Wiki hii inaangukia bamvua, wiki ijayo inaangukia maji mafu, na atakayeacha kamba wampite kwa sababu kalenda ya ofisini inasema Jumamosi hatarudia mara ya pili. Ijumaa ina nguvu zaidi, kwa kuwa ina swala ya pamoja na watu hukutana, lakini ni saa chache tu, na jioni nyavu zinarudi majini.

Sheria nayo ina sehemu yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki, inampa mwajiriwa saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki, saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na siku 28 za likizo kwa mwaka. Ukiwa mhudumu wa nyumba ya wageni pale Kibiti mjini, au muuza duka Bungu au Jaribu Mpakani, zijue namba hizo na uzitaje kwa mwajiri wako bila hasira. Ila mwenye wavu wake na shamba lake hana wa kumdai likizo. Lazima ajipe mwenyewe, na mtu anayejipa mwenyewe ndiye wa kwanza kujinyima.

Kinachokula siku hizo

Usidhani maji mafu yakifika basi umepumzika. Ndizo siku za kushona nyavu, kukalafati mtumbwi, kwenda Nyamisati kufuata mahitaji, kuhudhuria mkutano wa kijiji, msiba ulioukosa wiki iliyopita, na deni la tajiri aliyekukopesha nyavu. Siku tatu zinakwisha, bamvua linaingia, na mwili uliotoka majini umechoka unarudi majini umechoka.

Kwa hiyo zigawe kabla hazijafika. Siku ya kwanza ipe vyombo: wavu ushonwe, nyufa zizibwe, kila kitu kinachovuja au kilichochanika kimalizike siku hiyo. Siku ya pili ni yako kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Siku ya tatu ni ya nyumba na jamaa. Nimeiweka yako katikati kwa makusudi. Ikiwa ya kwanza, utaila ukiwaza wavu uliochanika; ikiwa ya mwisho, kazi zote zilizochelewa zitakuja kuimaliza. Kama una tajiri anayetaka nyavu zake zishonwe siku yoyote atakayo, mwambie mapema, bamvua likiwa bado, kwamba kazi yake utaimaliza siku ya kwanza. Ukimwambia siku yenyewe itaonekana umegoma. Ukimwambia kabla, ni makubaliano.

Siku yako ikifika, usiipangie mambo mengi. Bao linatosha kwa anayelipenda. Kete 64 na mpinzani mwenye maneno mengi huondoa mambo mengi kichwani. Mwingine atalala. Mwingine atakwenda kumwamkia mjomba kijiji cha pili na kurudi na nazi mbili. Sipimi thamani ya mapumziko kwa aina yake. Napima kwa jambo moja: je, kuna mtu anayesubiri matokeo ya unachofanya? Akiwepo, hiyo ni kazi.

Kipimo hicho kinatupeleka kwenye mkeka.

Kwa mwanamke, maji mafu si mafu

Mwanamme anapovuta mtumbwi pwani, mwanamke wa nyumba hiyo hajavuta chochote. Maji ya kunywa lazima yaje, na katika vijiji vilivyo karibu na bahari maji matamu huenda yakafuatwa kwa mtumbwi. Kuni lazima zije. Mpunga unataka kupaliliwa, kuamiwa ndege, kulindwa na kaa wanaokata miche michanga. Tena kwa siku hizo tatu mume yuko nyumbani, naye anataka chai. Ukimuuliza mwanamke wa Delta anapumzika lini, mara nyingi atakuonyesha ukili alioushika mkononi: hapa nimekaa, nimepumzika.

Napenda mikeka ya Rufiji kama mtu mwingine yeyote, na najua kwamba kusuka kunatuliza. Vidole vinakwenda, macho yanatua, maneno yanatoka. Lakini tutumie kipimo kilekile. Mkeka wa arusi ya binti wa jirani ulioagizwa uwe tayari mwisho wa mwezi una mtu anayeusubiri. Mkeka wako mwenyewe, usio na tarehe wala mnunuzi, hauna. Msusi ajue leo ameshika upi.

Muda wa mwanamke haupatikani kwa yeye kuamua tu, kwa sababu kazi zake haziwezi kuahirishwa. Mtoto hali kesho. Lazima mtu mwingine azibebe. Hapa akina mama wa pwani wana chombo walichokuwa nacho muda mrefu, nacho ni upatu. Katika upatu wa pesa kila mtu anatoa kidogo na mmoja anapokea kikubwa, kisha zamu inahama. Fanyeni vivyo hivyo kwa muda. Tafuta wenzako wawili mnaoaminiana na mnaokaa karibu, muwe watatu. Siku za wino mwekundu ni tatu. Tarehe 8 ni ya mmoja, 9 ya wa pili, 10 ya wa tatu, na zikija 22, 23 na 24 mnarudia. Kila mmoja anapata siku mbili kwa mwezi.

Anayepokea hafanyi mambo matatu tangu asubuhi mpaka alasiri: hachoti maji, hapiki, hashiki watoto. Wenzake wawili wanagawana hayo. Kuyataja yawe matatu kunasaidia, kwa sababu ukisema tu “tutakusaidia” utaishia kusaidiwa kubeba ndoo moja. Mwekeane na masharti. Zamu haikopwi, aliyeshindwa kuitumia siku yake imekwenda, asije kudai mbili mwezi ujao, maana madeni ndiyo yanayoua upatu wa kila aina. Asitumwe binti wa shule kulipa zamu ya mama yake. Anayepokea asibaki nyumbani kwake ikiwa anaweza kuondoka, kwa sababu akibaki ataona sufuria chafu naye ataliosha. Aende kwa shangazi, kwa dada, chini ya mwembe wa mtu mwingine.

Na wewe baba unayesoma hapa, siku ya mkeo usimwite kumuuliza chumvi iko wapi. Itafute.

Usiku wa dungu

Kuna uchovu wa aina nyingine, ule wa msimu wa mpunga na mahindi, watu wanapohamia mashambani na kulala juu ya madungu kuwalinda nguruwe na viboko wasiingie. Kulala ni neno la adabu tu, ni kukesha. Wiki kadhaa za namna hiyo huchosha kuliko jembe. Watafiti Dawson na Reid walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungua umakini kama mtu ambaye kilevi katika damu yake kimefika asilimia 0.05. Mtu huyo kesho yake anashika panga, anapanda mnazi, au anaongoza boti yenye abiria.

Gawaneni usiku vipande viwili, cha kwanza mpaka saa sita, cha pili mpaka alfajiri, na kila mmoja alale kipande kizima bila kuamshwa kuulizwa lolote. Usingizi mzito huja zaidi mwanzoni mwa kulala, kwa hiyo saa nne au tano zisizokatwa zina faida kuliko saba za kushtukashtuka. Mchana fidia kwa kailula. Lala dakika 20 hadi 30 baada ya adhuhuri, au ukiwa na nafasi lala saa moja na nusu kamili. Ukiamka katikati ya hapo utaamka mzito na mwenye kisirani, na utadhani usingizi wa mchana haukufai.

Mwezi nao uangalie, hapa kwa usalama. Wakubwa wa Rufiji wanakumbuka simba wa mwaka 2002 hadi 2004 aliyepewa jina la Osama, aliyeua zaidi ya watu 30 kabla hajapigwa risasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu mashambulizi ya simba kusini mashariki mwa Tanzania uliona kwamba watu hushambuliwa zaidi katika siku kumi zinazofuata mwezi mpevu, giza linapoingia kabla mwezi haujachomoza. Kama shamba lako liko upande wa porini, siku hizo usiwe peke yako dunguni saa za mwanzo wa usiku. Usiku wako wa kwenda kulala nyumbani, kitandani, ndani ya chandarua, uuweke wakati mwenzako ana mtu wa kukaa naye.

Chandarua nimekitaja kwa kupita, lakini kwa aliyeko dago, kambini kwa wavuvi, ni jambo kubwa. Wavuvi wengi hubeba kila kitu kwenda dago, sufuria, unga, betri za tochi, na kuacha chandarua kwa watoto. Watoto wabaki na chao. Wewe nunua cha pili. Usingizi wa kupiga mbu makofi si usingizi, na malaria ya wiki moja itakula maji mafu yako yote ya mwezi.

Walioko barabarani

Kibiti mjini maji hayamsimamishi mtu. Barabara ya Kilwa inapita katikati, mabasi ya Lindi na Mtwara yanapita mchana na usiku, na bodaboda, mama lishe na wauza korosho wanaishi kwa wanaopita. Huku hakuna bamvua wala maji mafu, kila siku ni sawa na ya jana, na ndiyo maana nawaona watu wa mjini wamechoka kuliko wavuvi.

Kwa dereva wa bodaboda wa mkataba, shida iko kwenye hesabu ya bosi. Wako wamiliki wanaomwachia dereva siku moja ya wiki, mapato yote yawe yake. Inasikika kama siku ya mapumziko. Inageuka kuwa siku ndefu kuliko zote, kwa sababu ndiyo pekee ambayo kila shilingi inaingia mfukoni mwake. Simwambii aiache; ana kodi ya kulipa. Namwambia aikate: afanye kazi mpaka adhuhuri, kisha pikipiki ilale. Abiria wa asubuhi ya sokoni ndio wengi, na jioni hiyo moja ya kila wiki ni yake bila kumdhulumu mtu.

Mama lishe ana njia nyingine. Kibanda chake kina saa iliyokufa, kati ya chai na chakula cha mchana au kati ya mchana na jioni, ambapo anaosha vyombo na kupanga ya mbele. Kama mko wawili, mmoja aoshe na mwingine atoke kabisa, avuke barabara, akae mahali asipoonekana na wateja. Ukikaa kwenye benchi la kibanda chako, mteja atakuja na utainuka.

Jioni za baraza nazo zirudishwe pale zilipopotea. Wakati wa mauaji ya mwaka 2017, watu wa Kibiti, Rufiji na Mkuranga walijifungia mapema, na bodaboda zilizuiwa kutembea usiku. Utulivu umerudi, lakini katika baadhi ya nyumba tabia ya kuingia ndani jua likizama imebaki, na kahawa ya jioni haijarudi jamvini. Mtu mmoja akitandika jamvi na kuweka deli la kahawa, wengine watakuja.

Mwalimu wa Delta naye nimkumbushe kwamba safari si likizo. Kwenda Dar es Salaam mwisho wa mwezi kwa boti, kisha gari, kisha foleni ya Mbagala, halafu kurudi vilevile, kunamaliza siku mbili na kuitwa mapumziko. Yanayoweza kufanywa kwa simu yafanywe kwa simu. Na kusubiri maji pale Nyamisati kunachosha tu kama hujui unasubiri nini. Mpigie nahodha, muulize maji yanajaa saa ngapi, na utoke nyumbani kwa hesabu hiyo. Kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana.

Miezi isiyokubali

Ipo miezi ambayo kalenda yako nyekundu itashindwa. Wakati wa kuvuna mpunga hakuna atakayekaa siku nzima, na korosho zinapoanguka, Oktoba kuelekea Desemba, nyumba nzima iko chini ya mikorosho. Usiifute alama. Ipunguze iwe saa moja, lakini iwe ileile, tarehe ileile, ili usilazimike kuanza upya msimu ukiisha. Sikukuu zina hesabu yake pia: Idd el Fitri huangukia bamvua kila mwaka, kwa kuwa inakuja na mwezi mwandamo, na mvuvi anayesherehekea siku tatu anaacha mapato mazuri majini, aweke akiba mapema. Idd el Haji, tarehe 10 ya mwezi wake wa Kiislamu, huangukia maji mafu. Hiyo ifaidi yote.

Mafuriko ni jambo jingine kabisa. Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, na mwezi uliofuata kimbunga Hidaya kikapita karibu na Mafia. Aliyepoteza mpunga wake anaona aibu kukaa. Atafanya kibarua mchana na kujenga usiku. Kwa mtu huyo sina ratiba ya kumpa, isipokuwa kulala usiku mzima kabla ya kuamua jambo lolote kubwa: kuuza mnazi, kukopa kwa riba, kuhama. Aliye na ndugu wa namna hiyo amshikie zamu bila kuombwa.

Halafu kuna uchovu usiotibika kwa kulala. Ukizifuata siku zako kwa maji mafu mawili na bado unaamka mzito, usizidi kulala. Nenda zahanati, na wakikuelekeza mbele nenda kituo cha afya Kibiti au Hospitali ya Mchukwi. Huenda ni malaria, upungufu wa damu, kichocho, kifua kikuu, kisukari, au sonona. Ukifika usiseme umechoka tu. Sema tangu lini, unalala na kuamka saa ngapi, kama kuna homa, jasho la usiku au damu kwenye mkojo, na kama vitu ulivyokuwa ukivipenda havikuvutii tena. Hilo la mwisho wengi hawalitaji mpaka waulizwe. Wewe litaje.